Shule ikipiga simu inampigia mama: uzi wa wanawake wasomi wenye kazi na watoto

Mleta Uzi:

Wakuu, salaam kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutadaiana.

Kuna utafiti mmoja umenikaa kichwani. Wachumi wa Marekani waliwaandikia barua pepe maelfu ya wakuu wa shule wakijifanya mume na mke wanaomtafutia mtoto wao nafasi. Barua yenyewe fupi: sisi ni fulani na fulani, namba zetu hizi, tunaomba mtupigie. Namba mbili zimekaa pamoja, ya baba na ya mama, mkuu wa shule achague mwenyewe. Kwa kila simu 10 alizopigiwa baba, mama alipigiwa kama 14. Na hata pale barua iliposema wazi kwamba baba ndiye mwenye nafasi, bado zilikuwapo shule zilizoruka namba yake zikamtafuta mama.

Wale wakuu wa shule hawakukaa kikao cha kumwonea mtu. Kidole kimeshazoea njia, basi.

Sasa hoja yangu. Tukizungumzia presha ya mama msomi mwenye kazi, mjadala hukimbilia muda: saa hazitoshi, usingizi hakuna, ripoti na nepi zinagombania mkono mmoja. Ni kweli. Ila mimi naona kinachomchosha zaidi ni kwamba yeye ndiye mwenye faili. Kazi za mikono zinagawanyika: baba anaogesha, dada wa kazi anapika, bibi anabembeleza. Faili haligawanyiki. Chanjo inayofuata ni lini, viatu vimeanza kubana, dawa ipi ilimletea vipele, rafiki yupi wa darasani amemnunia wiki hii, yote hayo yako kwenye kichwa cha mtu mmoja, na kichwa hicho saa hiyo kiko kwenye kikao cha bajeti. Jambo likiharibika, anayeulizwa ni yeye, hata kama siku hiyo alikuwa safarini na mtoto alikuwa na watu wazima watatu.

Elimu ilitegemewa impunguzie. Kwa upande wa faili, imemwongezea. Mama asiyesoma akikosea watu husema hakujua. Msomi akikosea utasikia "na usomi wote ule!" Anatakiwa awe amesoma kila kitu: lishe, grafu ya uzito, saikolojia ya mtoto, saa za kutazama skrini. Na kila alichosoma kinageuka kuwa shitaka, kwa sababu sasa anajua kipimo ambacho hajakifikia.

Halafu angalieni kalenda. Shahada ya kwanza, uzamili, kazi ya kudumu, cheo cha kwanza, vyote vinaangukia kati ya miaka 22 na 38 hivi. Humo humo ndimo jamii inamtaka azae, na mwili wenyewe baada ya 35 unaanza kupunguza kasi. Wale wale waliomkazania "soma kwanza, mambo mengine baadaye" ndio wanaogeuka siku ya mahafali na kuuliza mjukuu yuko wapi. Hajavua hata joho!

Akishazaa anakutana na hesabu nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba namba 183 wa mwaka 2000, limeweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Miezi 6 ni wiki 26. Toa 14, zinabaki 12 zinazoelea hewani. Mashirika yote mawili ni ya Umoja wa Mataifa, na yote mawili makao yake makuu yako Geneva. Wangekutana tu siku moja kwenye chai wakalinganisha kalenda zao.

Haki isemwe, mkataba huo umeweka pia mapumziko ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi, tena yanayolipwa. Kwenye karatasi pengo limezibwa. Kwenye jengo sasa: mama anajifungia stoo ya makabrasha, anakalia boksi la karatasi za printa, mgongo ameegemeza mlango usifunguliwe, pampu inanguruma huku yeye anasikilizia nyayo za watu koridoni. Maziwa aliyokamua yanakaa salama kama saa 4 nje na hadi siku 4 kwenye friji, lakini friji ya ofisi ni ya wote. Kuna mtu ataitoa chupa ile aweke soda yake, na akiulizwa atasema "samahani, sikujua ni nini". Saa nane mchana kuna kikao, blauzi imeanza kulowa kifuani, na yeye ndiye anayewasilisha.

Upande wa fedha niseme kwa ufupi. Wachumi waliofuatilia mapato ya wazazi wa Denmark (utafiti ulichapishwa 2019) waliona kwamba mtoto wa kwanza akizaliwa, mapato ya mama yanaporomoka, na hata miaka mingi baadaye yanabaki chini kwa karibu 20% ukilinganisha na ya baba. Ya baba hayatikisiki. Hiyo ni Denmark, kwenye likizo nzuri na vituo vya kulelea watoto ambavyo wengine tunavisikia tu.

Nauliza: ni nini hasa kinachowabana ninyi? Muda, fedha, au kuwa mwenye faili? Wanaume mnakaribishwa. Povu ruksa, matusi hapana.

Baba Watatu:

Mkuu, uzi umeuandika vizuri ila umeegemea upande mmoja. Kwanza, kazi ni uchaguzi na mtoto ni uchaguzi. Ukichagua vyote viwili, beba vyote viwili. Pili, mimi natoka giza narudi giza, presha ya ada na kodi ya nyumba iko mgongoni kwangu, hakuna aliyewahi kunifungulia uzi. Tatu, mtoto mdogo akiumwa analilia mama. Maumbile hayo, tusiyaletee siasa.

Mleta Uzi:

Baba Watatu, karibu. Presha yako naikubali, haihitaji ruhusa yangu. Lakini tuyaachie maumbile kazi yake: mimba, kujifungua, kunyonyesha. Maumbile hayajasema nani akumbuke siku ya kikao cha wazazi wala nani ajue sare ya michezo iko wapi. Hiyo tumejipangia wenyewe.

Na kwenye uchaguzi, mbona bei ya uchaguzi ule ule si moja? Mwaka 2007 mwanasosholojia Shelley Correll na wenzake walichapisha jaribio. Waliwapa watu wasifu wa waombaji kazi wenye sifa sawa, tofauti ni dokezo tu kwamba mmoja ni mzazi. Mama akaonekana hana moyo wa kazi, akapendekezewa mshahara wa kuanzia ulio chini kwa dola 11,000 hivi kwa mwaka kuliko mwanamke asiye na mtoto. Baba hakupunguziwa hata senti. Walipotuma maombi kwa waajiri halisi, mwanamke asiye na mtoto aliitwa mara 2.1 ya mama mwenye sifa zile zile. Wewe una watoto watatu. Ulishawahi kuulizwa kwenye usaili nani atabaki nao?

Mhandisi wa Kike:

Mimi niliulizwa. Mezani walikuwa wanne, mmoja akatabasamu kabisa: "Na familia je, umemaliza au bado?" Kama vile familia ni chuo.

Lakini niseme kitu kingine ambacho hakisemwi. Kuna kuumizwa kwa wema. Nilirudi kutoka likizo ya uzazi nikakuta mradi wangu umepewa mwenzangu na ratiba yangu ya kwenda saiti imefutwa. Bosi akaniita, uso umejaa huruma: "Tumeona tukupunguzie, una mtoto mdogo." Hakuna aliyeniuliza. Mume wangu alipata mtoto siku ile ile niliyopata mimi, kazini kwao wakamwongezea majukumu kwa sababu "sasa una familia ya kulisha". Mtoto mmoja, nyumba moja, maamuzi mawili tofauti, na yote yamefanywa kwa nia njema.

Na usilalamike, maana utaonekana huna shukrani. Wakati wa kupandisha vyeo unaambiwa hujakaa saiti vya kutosha.

Bibi Mstaafu:

Wanangu, nimesoma yote, taratibu kwa miwani.

Nilikuwa muuguzi, nikazaa wanne, na zamu za usiku nilifanya. Mnatuita mama zenu majasiri, mnasema mbona sisi tuliweza. Nawaambia hatukuweza, tulikuwa na watu. Mama yangu alikuwa chumba cha pili. Wadogo zangu walikuwa wanapishana mlangoni. Mtoto akilia usiku, sikuwa na haja ya kujua amelia, niliambiwa asubuhi. Nyinyi mmehamia mijini kwenye vyumba viwili, mnajifungia na mtoto na simu, halafu mnajilinganisha na mimi. Si haki kwenu.

Ila na mimi nina langu. Nimestaafu kazi ya serikali kwa barua na sherehe, wiki iliyofuata nikaajiriwa upya na binti yangu, bila mkataba, bila likizo, saa kumi na mbili asubuhi mpaka giza. Wajukuu nawapenda. Magoti hayawapendi. Kila mtu anasema mama msomi amesaidiwa na bibi, hakuna aliyemuuliza bibi.

Mleta Uzi:

Shikamoo mama. Umenichekesha na umenichoma kwa pamoja.

Umenikumbusha Marie Curie. Kila tukitaka kumtia moyo msichana tunamtaja: Nobeli ya fizikia 1903, ya kemia 1911, na watoto wawili, Irène aliyezaliwa 1897 na Ève aliyezaliwa 1904. Picha inayobaki ni ya mwanamke mmoja aliyemudu kila kitu. Kinachorukwa ni mzee Eugène Curie, baba mkwe wake, daktari, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mkewe na kuwalea wale wasichana mpaka alipofariki mwaka 1910. Irène naye akapata Nobeli ya kemia 1935. Babu yule hana hata mtaa wa kukumbukwa, walau mimi siujui.

Mwalimu wa Chuo:

Nije na la vyuoni kwetu, maana wengi wanadhani sisi tuna nafuu.

Vyuo vingi vya Marekani humpa mhadhiri kijana miaka michache athibitishwe kazini au aondoke. Miaka hiyo inaangukia pale pale mleta uzi aliposema. Wakaona wawe waungwana: anayepata mtoto aongezewe mwaka mmoja. Na ili usawa uonekane, wakawapa akina mama na akina baba sawasawa. Watafiti wakaja kukagua idara kubwa za uchumi (2018) wakakuta wanaume wanaothibitishwa wameongezeka na wanawake wamepungua. Maelezo yao ni kwamba mwaka wa ziada wa akina baba uliishia kwenye makala za kuchapisha, wa akina mama ukaishia kwenye kunyonyesha na kupona. Sheria imewatazama wote kwa jicho moja, huku mwili mmoja ndio uliokuwa wodini.

Ndiyo maana mimi siungi mkono sana hizi sera za "wazazi wote" zinazotolewa bila kuangalia nani atazitumiaje. Natoa angalizo tu, sijasema akina baba wanyimwe.

Sina Haraka:

Mnisamehe, mimi sina mtoto, lakini presha ya umama ninayo.

Nina miaka 36, nina shahada mbili, kila mwisho wa mwezi nafunga mahesabu mpaka usiku. Kwa nini mimi? "Wewe huna mtoto wa kuwahi." Sikukuu zamu yangu, wikiendi zamu yangu. Nikienda kwenye sherehe za ukoo, kabla sijakaa nimeshaulizwa ninangoja nini. Kazini muda wangu hauna thamani kwa sababu sina mtoto, na nyumbani usomi wangu hauna thamani kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu watu wanashangaa wanawake wanaahirisha. Korea Kusini mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilishuka hadi watoto 0.72 kwa mwanamke, wakati ili idadi ya watu isipungue inatakiwa kama 2.1. Bei ya nyumba imo, gharama za masomo zimo, saa ndefu za kazi zimo, na kwamba akirudi nyumbani zamu nyingine inamsubiri nayo imo. Serikali imemwaga fedha miaka na miaka ili wazae. Wale wanawake hawakutangaza mgomo. Wamekaa wakapiga hesabu, wakafunga daftari.

Nauliza Tu:

Samahani, swali dogo. Mama msomi ameenda kazini, bibi magoti yamechoka, baba yuko ofisini. Mtoto yuko na nani?

Nasubiri mtu amtaje dada wa kazi kama mtu, maana mpaka sasa ametajwa mara moja tu, anapika. Shirika la Kazi Duniani linakadiria wafanyakazi wa nyumbani duniani ni milioni 75.6, na robo tatu yao ni wanawake. Wengi wana watoto wao waliowaacha kwa mtu mwingine ili waje kulea wa kwenu. Mkataba namba 189 wa mwaka 2011 unasema wapate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Hapa kwenye uzi ni nani anatoa? Tunadai wiki 14, yeye akipata mimba anafungiwa mizigo.

Mhandisi wa Kike:

Umepiga pale pale, na sitajitetea. Sisi wenye mishahara tumeihamisha zamu ya pili kwa mwanamke mwenye mshahara mdogo zaidi. Faili bado ninalo mimi, lakini mikono ni yake.

Mkunga Zamu ya Usiku:

Napita haraka, niko kazini.

Hakuna aliyegusa sonona. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake kama 13% duniani hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hufika 19.8%. Wodini ninachokiona ni kwamba msomi anaificha kuliko mwingine yeyote. Anajua jina la ugonjwa, dalili amezisoma, na ndiyo kwanza anajibu maswali yangu kwa ustadi kama yuko kwenye usaili. Anaogopa ikijulikana kazini, na anaona aibu kwamba amepata kila alichokitaka halafu analia.

Kulialia na kukosa raha siku za mwanzo ni kawaida, huisha ndani ya wiki mbili hivi. Ikizidi hapo, au ukishindwa kulala hata mtoto akiwa amelala, au huoni kama yule mtoto ni wako, nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda leo, usingoje kliniki ya mtoto. Na nyinyi mnaokwenda kutazama mtoto, mtazameni na mama. Mtu wa kumi anambeba mtoto na kusema kafanana na nani, mama hajapata hata maji ya kunywa.

Baba wa Zamu:

Naomba niongee kama mwanaume aliyechukua likizo, maana tuko wachache na huwa tunanyamaza.

Uswidi walifungua likizo ya uzazi kwa baba na mama tangu 1974. Akina baba hawakuigusa sana. Norway mwaka 1993 wakasema hizi wiki kadhaa ni za baba, asipozitumia zinapotea. Hapo ndipo wanaume wakaanza kwenda, na Uswidi wakafuata 1995. Ilibidi iwe "tumia au poteza". Japani sheria yao inampa baba karibu mwaka mzima, ni kati ya nyingi zaidi duniani, na kwa miaka mingi wanaume waliichukua kwa kunyata kwa sababu bosi anatazama.

Kwangu bosi alitazama, nikaenda hivyo hivyo. Nilichojifunza ni kwamba kubadilisha nepi si kazi. Kazi ni kutambuliwa. Kliniki muuguzi anapokea kadi mkononi mwangu, anamtazama mtoto, ananiruka mimi, anauliza "mama yuko wapi?" Kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa lilikuwa linaitwa "Kina Mama wa Awali". Nilipoingizwa, mtu akaandika "karibu mama", nikaitikia.

Mleta uzi anasema faili haligawanyiki. Sisi tulilipasua. Afya yote ni yangu: chanjo, daktari, dawa, bima, homa za usiku. Shule ni ya mke wangu. Na sheria yetu ni moja: usiyekuwa na faili hukumbushi wala hukagui. Fomu ya shule pia tuliijaza upya, namba yangu juu kwa mambo ya ugonjwa, yake haipo kabisa kwenye kipengele hicho. Wasipoiona yake hawawezi kuiruka yangu.

Baba Watatu:

Baba wa Zamu, nakuheshimu, ila useme na lile lingine. Mimi nikimvalisha mtoto, mama yake anamvua na kumvalisha upya. Nikipika uji ni mzito. Nikimpeleka hospitali napigiwa simu tatu njiani kama dereva wa mzigo. Mnatutaka tushike halafu mnapokonya. Hilo nalo ni maumbile?

Mleta Uzi:

Si maumbile, ni lile faili. Mtoto akifika shuleni soksi moja nyekundu moja bluu, mwalimu atasema "leo kavalishwa na baba", watu wacheke, yaishe. Akivalishwa hivyo na mama, ni uzembe, na kama mama ni msomi ni uzembe wenye shahada. Anakuvulia zile soksi kwa sababu deni lake halitasomwa kwako. Mzuie asikague kama unataka, lakini basi siku ya kusemwa jitokeze wewe useme "mimi ndiye niliyevalisha".

Tarehe 24 Oktoba 1975, wanawake wa Iceland kama 90% waliacha kazi zote kwa siku moja, za ofisini na za nyumbani. Akina baba wengi walilazimika kwenda na watoto makazini. Siku moja tu hiyo. Nina hakika soksi nyingi hazikuoana, na hakuna baba aliyeambiwa ameshindwa ubaba.

Afisa Utumishi:

Nimekaa upande wa mwajiri muda mrefu, nitaongea kwa vitendo kwa sababu falsafa mmeimaliza.

Claudia Goldin, aliyepata Nobeli ya uchumi 2023, alionyesha kwamba siku hizi sehemu kubwa ya pengo la mishahara iko kati ya watu wa fani ile ile, na hufunguka mtoto wa kwanza anapozaliwa. Kazi inayolipa sana ni ile inayotaka upatikane saa yoyote. Alitoa mfano wa wafamasia wa Marekani: mmoja akitoka mwenzake anashika pale pale, mteja haoni tofauti, na pengo lao ni dogo kuliko la fani nyingi za kisomi. Kwa hiyo ukiwa na bosi anayesikia, usimwombe huruma. Mwonyeshe jinsi kazi yako inavyoweza kupokelewa na mtu wa pili: kumbukumbu ziko wapi, mteja anajua amtafute nani, sahihi ya pili ni ya nani. Hii inamsaidia hata yeye siku ukiumwa.

Kabla ya kwenda likizo ya uzazi pata kwa maandishi vitu hivi: cheo unachorudia, miradi unayorudia kwa majina yake, na kwamba miezi ya likizo haitahesabiwa kwenye tathmini kama miezi ya utendaji duni. Hilo la mwisho ndilo linalowamaliza wengi. Fomu ya tathmini ni ya miezi 12, wewe umefanya kazi miezi 8, alama zinagawanywa kwa 12, na mfumo hauulizi ulikuwa wapi. Ukikuta hivyo usitie sahihi hapo hapo. Andika maelezo kwenye nafasi ya mfanyakazi, piga picha nakala, ndipo usaini.

Dada Mhandisi, ile ya "tumekupunguzia" ijibu kwa barua siku hiyo hiyo, ya heshima, mistari mitatu: nashukuru kwa kunijali, sikuomba kupunguziwa, niko tayari kwa saiti kuanzia tarehe fulani. Miaka miwili baadaye kwenye kikao cha vyeo, mimi ninayeshika mafaili nikiikuta barua hiyo nina cha kusoma mbele ya watu. Nisipoikuta, bosi atasema wewe ndiye uliyeomba, na hatakuwa anadanganya, atakuwa anakumbuka hivyo.

Wenye mikataba ya muda mfupi yenu ni tofauti, mkataba unaweza kuisha mkiwa likizo na hakuna anayekuwa "amewafukuza". Fungueni uzi wake, nitakuja.